Mitanziko ya Kimaadili na Fikra Tunduizi kwa Mwanafunzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanawalenga wanafunzi wa vyuo na wa kidato cha juu. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya. Pale kanuni za chuo chako zinaposema tofauti, fuata kanuni za chuo chako.

Mtanziko wa kimaadili ni upi, na usio mtanziko ni upi?

Mtanziko ni pale kila njia uliyonayo inapovunja jambo fulani la haki. Umemwahidi mwenzako wa bwenini kutunza siri, kisha ukagundua kuwa siri yenyewe inahusu usalama wa mtu mwingine. Ukisema, umevunja ahadi. Ukinyamaza, umemwacha mtu hatarini.

Kishawishi ni kitu kingine kabisa. Hapo unajua la haki ni lipi, ila lina gharama. Kuangalizia mtihani kwa kuwa ukifeli utadisko (utaondolewa chuoni) si mtanziko hata kama unaumiza kichwa usiku kucha. Ni lazima uzitofautishe hali hizi mbili, kwa sababu dawa zake hazifanani. Mtanziko unataka kufikiri. Kishawishi kinataka msaada wa vitendo: kuomba kuahirisha mtihani kwa sababu inayokubalika, kutafuta mtu wa kukuelekeza, kujua tarehe za mitihani ya marudio. Wanafunzi wengi humaliza wiki nzima "wakitafakari" jambo walilojua jibu lake tangu siku ya kwanza.

Kipimo chepesi: andika njia mbili unazoziona, na chini ya kila moja andika sababu zake. Kama njia mojawapo ina sababu moja tu, nayo ni "itaninufaisha", basi huna mtanziko.

Nikikwama, nianzie wapi?

Anza na karatasi. Hoja ikibaki kichwani hubadilika sura kila unapoirudia, lakini ikiandikwa hukaa pale ilipo. Tuchukue tukio linalojirudia kila muhula: kikundi cha watu watano, kazi ya alama 20, wawili hawajagusa chochote. Mmoja anamuuguza mama yake. Mwingine alikuwa akifuatilia ligi. Wewe ndiye kiongozi, na wewe ndiye unayepeleka majina.

Kwanza, tenga unachokijua na unachokidhania. "Hakuhudhuria vikao vitatu" ni jambo linalothibitika. "Ni mvivu" ni hukumu. "Anauguza" umeambiwa na nani, yeye mwenyewe au umesikia kwa watu? Kwenye hatua hii tu, nusu ya migogoro ya vikundi huisha, maana hukumu ndizo zilizokuwa zikiichochea.

Pili, orodhesha wanaoguswa, hata wasiokuwepo kikaoni: wenzako wawili waliofanya kazi, wale wawili wasiofanya, mhadhiri, na vikundi vingine vinavyoshindania alama zilezile.

Tatu, taja mambo ya haki yanayogongana: kumwambia mhadhiri ukweli, kumhurumia mgonjwa na anayemuuguza, kuwatendea haki waliokesha.

Nne, tafuta njia ya tatu na ya nne. Hapa ndipo watu wengi wanapoanguka. Wanaona mbili tu, kuandika majina yote au kukata mawili. Kumbe anayeuguza anaweza kupewa sehemu anayoimudu kwa simu akiwa hospitalini, kama kuhakiki marejeo au kupanga jedwali. Yule wa ligi anaweza kupewa saa 48 na sehemu yenye mipaka. Kikundi kinaweza kuambatisha ukurasa unaoonyesha nani amefanya nini, bila kumsema mtu. Mnaweza pia kumwandikia mhadhiri kabla ya tarehe ya mwisho na kuomba mwongozo.

Tano, jipime: je, unaweza kuueleza uamuzi huu kwa maneno yaleyale mbele ya mhadhiri na mbele ya aliyekatwa jina? Ukiona unahitaji maelezo ya aina mbili, rudi hatua ya nne.

Sita, andika uamuzi na sababu zake kwa mistari mitatu, uweke na tarehe.

Kinachoharibu zaidi ni kuchelewa. Barua iliyoandikwa siku tano kabla ya kukusanya kazi ni taarifa. Ikiandikwa siku moja baada ya alama kutoka ni majungu, hata kama maneno ni yaleyale.

Nadharia za maadili zina msaada wowote, au ni za mtihani tu?

Zina msaada zikitumika kama maswali. Anayepima matokeo atakuuliza nani atapata nafuu, nani ataumia, na kwa kiasi gani. Anayesimama kwenye wajibu, kama Immanuel Kant, atakuuliza ingekuwaje kila mtu angefanya hivyo, na kama unamtumia mwenzako kama chombo tu. Anayefuata mkondo wa Aristotle atakuuliza tendo hili, ukilizoea, litakufanya mtu wa namna gani.

Mfano wa garimoshi linaloelekea kuua watu watano, nawe unaweza kuligeuza liue mmoja, ulianzia kwa mwanafalsafa Philippa Foot mwaka 1967. Ni zana nzuri ya darasani kwa sababu umefuta kila kitu isipokuwa idadi na tendo. Kwa sababu hiyohiyo haufai kuigwa maishani: hakuna mtanziko wa kweli wenye njia mbili tu na matokeo yanayojulikana kwa hakika.

Kwenye insha, kosa linalopoteza alama ni kueleza nadharia mbili kwa kurasa tatu kisha kumalizia kwa "inategemea". Sema inategemea nini. Tuseme swali linahusu muuguzi aliyeandika dozi vibaya, na wewe ni mwanafunzi uliyeliona kosa: "Ningemwambia mhadhiri endapo dozi iliyoandikwa vibaya bado inatumika wodini, kama imeshasahihishwa, ningeanza na muuguzi mwenyewe." Hilo ni jibu.

Nina madodoso 60 na pendekezo langu la utafiti liliahidi 100. Nikijaza 40 mwenyewe, nani ataumia?

Swali hili huulizwa kwa kunong'ona, na jibu lake lina sehemu mbili.

Ya kwanza ni ya hesabu. Kwa sampuli iliyochaguliwa kwa nasibu, ukikadiria asilimia ya watu wenye maoni fulani kwa kiwango cha uhakika cha 95%, watu 100 wanakupa ukingo wa kosa wa takriban asilimia 10 juu na chini. Watu 60 wanakupa takriban 13. Yaani upungufu unaokunyima usingizi umeongeza ukingo wa kosa kwa asilimia tatu hivi. Andika 60, eleza kwenye sura ya mbinu kwa nini hukufika 100 (mvua, msimu wa mavuno, waliokataa), kisha punguza ukali wa hitimisho lako. Msimamizi anayejua kazi yake hakufelishi kwa hilo. Ila mwarifu mapema, usisubiri siku ya utetezi.

Ya pili ni kwamba data ya kubuni hujulikana. Madodoso ya kweli yana mapengo: mtu ameruka swali la kipato, mwingine ameweka alama kwenye visanduku viwili, mwingine ameandika pembeni "sijaelewa". Ya kubuni huwa masafi mno. Majibu hukusanyika katikati ya mizani, umri wa miaka 25, 30 na 35 hujirudia, na maswali yanayopaswa kupingana hayapingani. Mtahini akiuliza "huyu namba 73 ulimpata wapi?", mwenye data ya kweli ana la kusimulia.

Na anayeumia ni yule atakayeitumia ripoti yako kupanga zahanati au mradi wa maji.

Ridhaa ya mhojiwa ni saini tu?

Saini ni ushahidi wa ridhaa. Ridhaa yenyewe ni kuelewa na kuwa huru kukataa. Kabla ya swali la kwanza, mhojiwa awe amejua mambo haya: wewe ni nani na unatoka chuo gani, unatafuta nini, itachukua dakika ngapi, majibu yatahifadhiwaje, kwamba anaweza kuacha wakati wowote bila kupoteza chochote, na namba ya kuuliza. Yasome kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani kwake. Fomu ya Kiingereza iliyosainiwa na bibi asiyekijua haina thamani.

Uhuru wa kukataa ndio mgumu. Mwalimu anapowahoji wanafunzi wake, au mwenyekiti wa kijiji anapokuzungusha nyumba kwa nyumba, nani atasema hapana? Mwombe mwenyekiti akutambulishe, kisha akuache uendelee peke yako. Kwa walio chini ya miaka 18 inatakiwa ridhaa ya mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe naye akubali.

Masharti haya yalitokana na watu walioumizwa. Huko Tuskegee, Marekani, wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa tangu 1932 hadi 1972 bila kuambiwa ukweli wa ugonjwa wao na bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kuwa dawa ya kawaida. Ripoti ya Belmont ya 1979 ilitoka baada ya kashfa hiyo, ikiweka misingi mitatu: kumheshimu mtu, kumtakia heri bila kumdhuru, na haki katika kugawana faida na mzigo wa utafiti. Kwa vibali, utafiti wa afya Tanzania hupitia kamati za maadili chini ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), na Kenya leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu). Majina na namba za simu za wahojiwa zinalindwa kisheria: Kenya kwa sheria ya 2019, Tanzania kwa sheria ya 2022. Picha ya orodha ya wahojiwa kwenye kundi la darasa ni kosa, hata ukiituma ili tu kuonyesha kuwa umemaliza.

Akili mnemba (AI): msaada unaishia wapi, udanganyifu unaanzia wapi?

Soma kwanza maelekezo ya somo, maana wahadhiri wawili wa idara moja wanaweza kutofautiana. Maelekezo yakinyamaza, tumia kigezo hiki: somo linapima uwezo gani? Kama linapima hoja, kuomba programu ikutungie hoja ni kumpa mtu mwingine afanye mtihani wako. Kama linapima majaribio ya maabara, kuirekebisha sarufi ya ripoti kwa programu huwa na uzito mdogo, ila utaje kuwa umefanya hivyo.

Hatari inayowanasa wengi ni marejeo hewa. Programu hizi hutunga jina la makala, mwandishi wa kweli, jarida la kweli na mwaka unaoaminika, na makala yenyewe haipo. Kabla ya kutaja rejeo lolote, tafuta kichwa chake chote kikiwa ndani ya alama za kunukuu, fungua ukurasa wa jarida, hakiki toleo na kurasa, na usome angalau ikisiri. Usipolifungua, lifute.

Programu ya kugundua imesema kazi yangu imeandikwa na akili mnemba, na si kweli. Nifanye nini?

Tulia kwanza, halafu piga hesabu. Tuseme darasa lina watu 300, na 30 kati yao kweli wamedanganya. Programu inakamata 80% ya wadanganyifu na inamsingizia mkweli mara 5 kwa kila 100. Itakamata wadanganyifu 24. Kwa wakweli 270, itawasingizia karibu 14. Waliotuhumiwa ni 38, na zaidi ya theluthi yao hawana kosa, ingawa programu haimsingizii mkweli mara 95 kwa kila 100. Namba hizi ni za mfano tu, lakini hesabu ndiyo hiyohiyo kwa kipimo chochote, pamoja na vile vya hospitali: kosa likiwa la wachache, kipimo kizuri nacho husingizia wengi.

Kwa hiyo matokeo ya programu ni sababu ya kuuliza. Hayatoshi kuwa hukumu. Peleka rasimu zako, historia ya matoleo ya faili (Google Docs huihifadhi yenyewe), noti za mkono na vitabu ulivyoazima. Omba kuhojiwa ana kwa ana kuhusu kazi hiyo kwa dakika kumi. Mwandishi wa kweli hashindwi kueleza kwa nini aya ya tatu imetangulia ya nne. Andika barua fupi isiyo na matusi, ubaki na nakala.

Nimetumiwa karatasi ya mtihani "iliyovuja". Sijaiomba.

Usiifungue, usiisambaze, na usiifute kabla hujamwarifu msimamizi wa mitihani au mshauri wa wanafunzi. Kenya, sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 inaadhibu kuwa na karatasi ya mtihani kabla ya wakati wake, achilia mbali kuiuza. Tanzania, NECTA (Baraza la Mitihani) hufuta matokeo ya watahiniwa waliothibitika kudanganya, na miaka ya kusoma hupotea hapo.

Fikiria pia upande wa muuzaji. Karatasi nyingi zinazouzwa Telegram ni za miaka ya nyuma zilizobadilishwa tarehe. Muuzaji anajua huwezi kwenda polisi kusema umetapeliwa mtihani wa wizi.

Je, nimripoti rafiki aliyeingia na kikaratasi?

Kile ambacho Wakenya hukiita mwakenya huleta mtanziko wa kweli, kwa sababu urafiki nao una haki zake. Anza naye mwenyewe, faraghani, ndani ya siku moja, useme ulichokiona bila kumpa jina la "mwizi". Kama ni mtihani wa kidato, mengi yanaweza kuishia hapo. Kama ni mtihani wa upimaji wa dozi kwa wauguzi wanafunzi, uzito unahama: kuna mgonjwa mwishoni mwa mstari huo, na urafiki haumpi haki ya kumdhuru.

Kuwaandikia wengine kazi zao kwa malipo ni ajira au ni kosa?

Nchini Kenya ni biashara kubwa, na wateja wengi wako Marekani na Uingereza. Wanaoifanya wana hoja ya kodi ya nyumba na ukosefu wa kazi, na hoja hiyo isidharauliwe. Hata hivyo kazi hiyo inasimama kwa sababu moja: mnunuzi atasema uongo kuwa kaiandika yeye. Ujuzi uleule unauzika kwa uhariri, tafsiri, unukuzi wa mahojiano na ufundishaji wa ziada.

Mhadhiri anataka ngono ili anipe alama. Huu nao ni mtanziko?

Hapana. Ni kosa la jinai, na mkosaji si wewe. Kifungu cha 25 cha sheria ya Tanzania ya kuzuia na kupambana na rushwa ya 2007 kinaitaja rushwa ya ngono. Usifute ujumbe wowote. Andika tarehe, saa, mahali na maneno aliyotamka siku hiyohiyo, mwambie mtu mmoja unayemwamini, na usiende kwenye miadi ya faragha "kumrekodi" bila kushauriwa. Piga TAKUKURU, taasisi ya Tanzania ya kupambana na rushwa, kwa namba 113, bila malipo, au nenda dawati la jinsia la chuo au la polisi.

Fikra tunduizi zinafundishika, au mtu huzaliwa nazo?

Zinafundishika, kwa mazoezi yanayochosha kidogo. Jaribu hili lililobuniwa na mwanasaikolojia Peter Wason na kuchapishwa 1966. Kadi nne mezani zinaonyesha A, K, 4 na 7. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande mwingine. Kanuni inasema: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Ugeuze kadi zipi, zisizo na ziada, ili kujua kama kanuni ni ya kweli?

Wengi husema A na 4. Jibu ni A na 7. Nne haiwezi kuivunja kanuni, maana hakuna aliyesema konsonanti haiwezi kukaa na shufwa. Saba ikiwa na irabu nyuma yake, kanuni imekufa. Tulichagua 4 kwa sababu tunatafuta kinachothibitisha, ilhali kinachopima ni kile kinachoweza kukanusha.

Liingize hilo kwenye usomaji wako. Chukua makala ya maoni ya gazetini, dakika 20. Pigia mstari dai kuu. Likiwa halipatikani kwa sentensi moja, hilo nalo ni jibu. Zungushia ushahidi. Andika pembeni dhana iliyofichwa inayounganisha viwili hivyo. Kisha maliza sentensi hii: "Mwandishi angekuwa amekosea kama ingegundulika kwamba…" Sehemu ya mwisho ndiyo yenye kazi, na ndiyo wanafunzi huiruka. Fanya mara tatu kwa wiki, moja kati ya hizo iwe makala unayokubaliana nayo kabisa.

Nikimpinga mhadhiri au mzee, si nitaonekana sina adabu?

Inategemea unavyoingia. Msabahi, kubali kwanza unachokubaliana nacho kwa dhati, kisha uliza kuhusu hoja. "Shikamoo mwalimu. Nimeelewa sababu ya kwanza. Ya pili imenitatiza: takwimu hizi ni za mjini, je, zinatosha kusemea vijijini?" Hapo umehoji takwimu, heshima yake iko palepale. Ukisema "hapo umekosea" mbele ya watu 200 utapata ubishi, na jibu hutalipata. Kama jambo ni zito, mfuate ofisini.

Ila usikubali adabu igeuke kisingizio cha kunyamaza. Katika majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch ya miaka ya 1950, watu waliulizwa mstari upi unalingana na mwingine, jibu likiwa wazi machoni. Wenzao waliopangwa kabla walipotoa jibu la uongo kwa pamoja, karibu theluthi ya majibu ya wahusika iliufuata uongo huo. Alipokuwepo mwenzao mmoja tu aliyesema kweli, kufuata mkumbo kulishuka sana. Kwenye semina, mara nyingi kinachohitajika ni mtu mmoja wa kuuliza swali la kwanza.

Nithibitisheje ujumbe wa WhatsApp unaoanza na "Utafiti umeonyesha"?

Toka nje ya ujumbe. Usiuchunguze kwa kuusoma mara ya pili. Tafuta dai lake mtandaoni pamoja na jina la taasisi inayotajwa, uone kama taasisi yenyewe imelisema. Picha itafute kwa Google Lens. Picha za mafuriko hurudi kila masika zikiwa na jina la mji mpya. Uliza utafiti ulifanyika kwa nani, wangapi, na walilinganishwa na nani. "Hatari imeongezeka maradufu" inaweza kumaanisha kutoka mtu 1 hadi watu 2 kwa kila 10,000.

Kama aliyeutuma ni shangazi kwenye kundi la familia, mjibu faraghani.